Kimita cha kuchomeka kwenye soketi: miezi mitatu ya kuwinda umeme unakopotelea nyumbani

Naanza na kitu ambacho kwenye boksi hawajakiandika: hiki kidude chenyewe hakipunguzi umeme hata chembe. Unakichomeka kwenye soketi, juu yake unachomeka friji au TV au chochote unachokishuku, kinakuonyesha namba, basi. Kazi yote iliyobaki ni ya kwako. Nasema hivi kwasababu siku nakitoa kwenye mfuko baba watoto aliniuliza "kwahiyo saivi umeme utapungua?" nikamjibu ndiyo kwa kujiamini kabisa, na wiki nzima ya kwanza haukupungua kitu, kilichopungua ni usingizi wangu maana nilikua naamka saa nane usiku kwenda kuchungulia friji imesoma ngapi.

Saivi nina miezi mitatu nacho, nimeshakitembeza kila chumba, kwahiyo uzuri wake na ubaya wake naweza kuusema bila kukionea.

Umbo lake ni plagi nene tu yenye skrini ndogo na vitufe vinne. Ukibonyeza kinazunguka kwenye kurasa zake: volti, ampea, wati, yuniti, muda ambao kimepima, na kuna namba nyingine inaitwa PF ambayo ntairudia huko mbele maana ina stori yake. Kwa mtu wa nyumbani namba za kuangalia ni mbili, wati na yuniti, na hapa ndo wengi wetu (mi nikiwemo) tunachanganya. Wati ni bomba lilivyofunguliwa, maji yanatoka kwa nguvu au yanachuruzika. Yuniti ni ndoo zilizojaa mpaka sasa. Yuniti moja ni wati 1000 zikitumika kwa saa nzima, kwahiyo pasi ya wati 1000 ikiwaka saa nzima bila kupumzika imeila moja, na taa ya wati 10 itaila hiyohiyo moja kwa masaa 100. Bili inahesabu ndoo, haina habari na bomba, ndo maana kitu kidogo kinachochuruzika usiku na mchana mwaka mzima kinaweza kumshinda jitu linalowaka dakika kumi. Ningelijua hili mapema nyumba hii ingekua na amani zaidi.

Maana ugomvi wetu ulikua wa chaja za simu. Baba watoto ni askari wa chaja. Akikuta chaja imebaki kwenye soketi bila simu nyumba nzima itajua, watoto wataitwa sebuleni, itatolewa hotuba. Kwahiyo kitu cha kwanza kukipima, tena mbele yake, ilikua chaja. Ikasoma 0.0. Akasema kimekufa hicho kidude chako. Nikachomeka simu ikapanda wati 15, nikachomoa simu ikarudi 0.0. Ukweli ni kwamba chaja za siku hizi zikiwa tupu zinakula kidogo sana, sehemu ya kumi ya wati au chini ya hapo, kimita cha bei rahisi hakiioni kabisa. Na hata simu yenyewe wala sio mlaji. Betri ya mAh 5000 inabeba kama wati 19 za saa moja, ongeza kinachopotelea kwenye chaja kama joto unafika 24 au 25 hivi, kwahiyo ukiichaji kutoka sifuri mpaka mia kila siku ya Mungu mwaka mzima hufikishi yuniti 10. Kumi, kwa mwaka! Miaka yote ile ya hotuba. (Zile chaja feki zinazochemka zikiwa tupu chomoa, ila chomoa kwa kuogopa moto, usichomoe ukidhani unaokoa umeme.)

Sasa wakati sisi tunapigana kwa ajili ya chaja, chini ya TV kulikua na mwizi amekaa kimya na taa yake nyekundu. King'amuzi. Kikiwa kinafanya kazi kilisoma wati 13. Nikakizima kwa rimoti, taa ikawa nyekundu, kimita kikasema 11. Nikadhani kinachelewa, nikaenda kuanua nguo nikarudi, 11 vilevile. Yaani kule kuzima ni kuzima picha tu, ndani kinaendelea na shughuli zake kama kawaida. Wati 11 mara masaa 24 mara siku 365 ni yuniti 96 kwa mwaka, na sisi tunakitazama labda masaa manne kwa siku, mengine yote kinakula bure. TV ambayo ndo tulikua tunaituhumu siku zote, ikizimwa kwa rimoti inasoma 0.4. Hilo halikuja hivihivi, vifaa kunyonya umeme vikiwa vimezimwa ni jambo lililopigiwa kelele zamani, Shirika la Kimataifa la Nishati lilitoa wito wa kushusha mpaka wati 1 tangu 1999, na Umoja wa Ulaya wakafika mahali kuanzia 2013 vifaa vingi vya nyumbani vikiwa standibai visivuke nusu wati, au wati 1 kama vinaonyesha saa au taarifa fulani (hiyo wati 1 ikashushwa kuwa 0.8 mwaka 2025). Ila vifaa vinavyobaki vimeunganishwa na mtandao vimeachiwa nafasi pana zaidi, na humo ndo wanapojificha kina king'amuzi na mashine za gemu.

Dawa yake ilikua ekstensheni yenye swichi. TV, king'amuzi na spika vyote vimekaa hapo, usiku mtu wa mwisho anabonyeza kitufe kimoja anaenda kulala. Kero yake ni kwamba king'amuzi kikiamka kutoka usingizi wa kweli kinachukua kama dakika mbili kabla hakijaleta picha, watoto walilalamika siku mbili tatu wakazoea. Ruta ya intaneti nayo ilisoma wati 8 masaa 24, hiyo nimeiacha, kuna vita sina nguvu navyo.

Lakini iliyolipa gharama ya kidude chote ni friji, na hapa naomba uvumilivu kidogo maana nina mengi.

Friji hupimi kwa kuangalia wati. Kompresa inawaka inazima, ukichungulia ikiwa imezima utaona wati 2 utafurahi, ukichungulia ikiwa inaunguruma utaona 118 utashtuka, na zile za no-frost, zisizojaza barafu kwenye kuta za ndani, zina hita ya kuiyeyusha, ikiwaka hiyo namba inaruka mpaka unadhani kuna shoti. Unachotakiwa ni kuiacha kwenye kimita masaa 24 kamili, bora zaidi siku mbili tatu, halafu usome yuniti. Yetu siku ya kwanza ikasoma 1.9. Kwenye ile stika ya nishati ambayo kwa bahati hatukuwahi kuibandua imeandikwa yuniti 390 kwa mwaka, ukigawa kwa siku 365 ni kama 1.07 kwa siku. Kwahiyo friji ilikua inakula karibu mara mbili ya ilivyozaliwa. Kweli stika inatokana na vipimo vya maabara, nyumbani milango inafunguliwa kila saa na kijana wetu anayesimama pale dakika tatu akitafakari maisha, lakini mara mbili? Hapana.

Nikaanza na mpira wa mlango. Kuna kipimo cha karatasi ambacho hakihitaji fundi wala kidude: weka karatasi nusu ndani nusu nje, funga mlango, vuta. Ikikaza, mpira unashika. Ikitoka kama umeivuta kwenye kitabu, baridi inatoroka hapo. Nikazunguka mlango mzima, juu sawa, pembeni sawa, kona ya chini karatasi haikusubiri hata kuvutwa ilidondoka yenyewe. Nikajaribu kuulainisha mpira kwa kitambaa cha maji ya moto urudi umbo lake, ulirudi siku mbili ukalala tena, nikabadilisha wote. Nyuma ya friji zile bomba nyembamba za kutolea joto zilikua zimevaa vumbi mpaka zinafanana na sweta, na friji yenyewe ilikua imebanwa ukutani kama inachukuliwa kipimo cha urefu. Joto linalotolewa ndani ya friji lazima likatupwe mahali, na linatupwa huko nyuma, ukilizibia njia kompresa inafanya kazi mara mbili. Nikapangusa, nikaivuta mbele upana wa kiganja.

Halafu ile swichi ya baridi ndani. Ilikua kwenye 7. Kumbe miaka yote mimi na mama mkwe tulikua tunaamini 7 ni nyuzi joto, tukawa tunajiona wenye kiasi! Zile namba kwenye swichi za kuzungusha ni ukali, 7 ni baridi kali kuliko zote. Nikaweka kipimajoto kwenye glasi ya maji ndani ya friji usiku kucha, asubuhi kinasoma nyuzi 1, karibu kuganda. Nyuzi 4 zinatosha, na chumba cha kugandisha kinatakiwa kiwe 18 chini ya sifuri, zaidi ya hapo unapoza kwa sifa tu. Nikarudisha kwenye 3, nikarudia kipimo cha glasi, ikasoma 4.

Baada ya yote hayo nikapima siku tatu mfululizo: 1.2, 1.3, 1.2. Sitakudanganya kwamba najua mpira ulichangia ngapi na vumbi ngapi maana vyote nilifanya wiki moja, na siku zenyewe za joto friji yoyote itapanda. Ila hali ya hewa ilikua ileile na tofauti ni 0.7 kwa siku, ukizidisha kwa mwaka unapata kama yuniti 255. Piga mwenyewe hesabu ni chaja ngapi hizo. Mi nimeshapiga, na baba watoto nimempigia.

Angalizo moja muhimu kwa atakayejaribu: ukichomoa friji ili uweke kimita katikati, usiirudishe papo hapo. Subiri dakika tano au zaidi, gesi ndani itulie, vinginevyo kompresa inaamka ikiwa imebanwa na inaweza kuumia.

Haya sasa, PF (power factor, yaani ni sehemu gani ya umeme unaopita kwenye waya kifaa kinaitumia kweli, 1 ndo nzuri kabisa).

Kabla ya hiki kimita nilishawahi kununua kidude kingine, najionea aibu lakini ntasema. Ni kale kaboksi kenye taa za kijani unakachomeka kwenye soketi yoyote ndani ya nyumba na muuzaji anakuapia bili itashuka karibu nusu. Aliniuzia kwa maonyesho kabisa, akashika koleo la kupimia ampea kwenye waya, kidude hakijachomekwa ampea ziko juu, kidude kimechomekwa ampea zimeshuka, mi hapo nimeshatoa hela. Sasa nimekipima kwa kimita changu. Nilichomeka kimita ukutani, juu yake ekstensheni, juu ya ekstensheni friji. Bila kaboksi: wati 118, ampea 0.80, PF 0.64. Nikachomeka kaboksi pembeni ya friji: ampea 0.57, PF 0.9, na wati... 118. Zilezile. Nikaacha masaa 24 kwa kila hali, yuniti hazikutofautiana cha maana.

Kinachotokea ni hivi. Mota na kompresa kuna umeme zinaazima na kuurudisha kila mara bila kuutumia, unasafiri tu kwenye waya unaenda unarudi, ndo unaofanya ampea zionekane nyingi. Ndani ya kaboksi kuna kapasita (nimekifungua, kapasita moja na kibodi cha taa, hamna kingine), na kapasita inafanya ule umeme wa kuazimana uishie hapo karibu. Ampea zinashuka kweli, muuzaji hakudanganya macho yako. Ila mita ya nyumbani haikutozi ampea wala umeme wa kwenda na kurudi, inakutoza yuniti, na yuniti zinatokana na wati ambazo hazijasogea. Viwanda vikubwa ndo huwa vinatozwa kwa PF mbaya na vyenyewe vinafunga kapasita za ukubwa wa kabati. Kwako wewe mwenye friji na feni mbili kale kaboksi ni taa ya mapambo inayokula nusu wati yake. Kama kimita hiki kingekua kimenifundisha hili peke yake bado ningekipa nyota.

Vingine napita haraka. Birika la umeme likijaa lita 1.7 linakula kama 0.17 kuchemka, ukiweka vikombe viwili tu 0.05, na sisi tulikua tunajaza kila mara halafu maji yanapoa yanachemshwa tena jioni. Pasi inakula zaidi inapopata moto mara ya kwanza, nguo moja kila asubuhi kwa siku tano ilinitoka 0.5, nguo hizohizo tano kwa mkupuo 0.3. Mashine ya kufulia umeme wake karibu wote ni wa kuchemsha maji, ile ngoma kuzunguka ni kidogo tu: nyuzi 60 ilikula 1.05, nyuzi 30 ikala 0.4, na nguo kusema kweli zimetoka vilevile isipokua mashuka na taulo ambazo nazirudisha 60. Maikrowevu inakula wati 2 na nusu kuonyesha saa ambayo haijawahi kuwa sahihi tangu umeme ulipokatika mara ya mwisho.

Kompyuta ya kijana wetu ile ya mezani. Akicheza gemu 300 na kitu, sina neno, akiwa anacheza namuona yupo nyumbani. Shida ni kwamba akienda kulala anazima skrini na kuiacha mashine inawaka, wati 70, masaa tisa, ni 0.63 kila usiku, zaidi ya nusu ya kinachotumiwa na friji yetu mpya-ya-zamani kwa siku nzima. Ameiweka iwe inalala yenyewe baada ya dakika 20, ikilala inasoma 2. Kumshawishi haikua kazi, nilimuonyesha namba tu akanyamaza, na hapa ndo naona uzuri wa kidude kuliko hotuba zetu. Namba haina sauti ya mzazi.

Taa za darini huwezi kuzichomeka kwenye kimita, lakini nilichukua taa ya mezani yenye kishikio cha kawaida nikawa nabadilisha balbu moja moja. Balbu ya zamani ya waya wa kuwaka, imeandikwa 60, imesoma 59.6, na ukiishika utajua umeme umeenda wapi, karibu wote ni joto. Ya LED inayotoa mwanga uleule, lumeni 800 hivi, imesoma 8.7. Hiyo wote mnaijua, ambacho sikukijua ni kwamba kwenye droo nilikua na LED moja ya bei ya kutupa imeandikwa wati 12 na ilisoma 7, na mwanga wake ni wa kuombea dua. Kwahiyo ukinunua taa soma lumeni, hizo ndo mwanga, wati ni kinacholiwa tu na kwenye balbu feki hata hicho kinadanganywa.

Sasa ubaya wake mkubwa, na sio kosa lao kabisa ila ungeandikwa kwenye boksi ningeshukuru: walaji wakubwa wa nyumba nyingi hawana plagi. Hita ya maji imeunganishwa moja kwa moja, jiko la umeme hivyohivyo, kiyoyozi mara nyingi hivyohivyo. Kimita kinakuonyesha vidogo vyote kwa desimali halafu majitu yanapita nyuma yake. Kinapima mpaka ampea 16, kwenye volti 230 ni kama wati 3680, lakini lazima kitu kiwe na plagi kwanza. Kuna aina nyingine za koleo zinazobana waya kwenye boksi la breka na kukutumia namba kwenye simu, hizo zinataka fundi aje afungue boksi, usijaribu mwenyewe.

Mi hita niliipata kwa kuzunguka. Mita kuu ya nyumba, za kisasa, ina taa ndogo inayopepesa na pembeni imeandikwa idadi ya mipepeso, yetu 1000 kwa yuniti, nyingine 800 au 1600. Kwa yetu kila mpepeso ni sehemu moja ya elfu ya yuniti. Ukizima kila kitu ukawasha hita peke yake ukahesabu mipepeso ya dakika moja ukapata 33, zidisha kwa 60, ni wati 1980, hiyo ndo hita yako. Ila mi nilitaka kujua kingine, hita inakula nini wakati hamna anayeoga. Usiku mmoja saa nne nikashusha breka zote nikaacha ya hita na ya soketi ya friji, friji ikiwa juu ya kimita. Nikaandika namba ya mita kuu. Saa kumi na mbili asubuhi mita kuu imesogea 0.9, kimita kinasema friji imekula 0.4. Hita kwahiyo 0.5, ndani ya masaa nane, maji hayajaguswa na mtu. Kwa siku ni 1.5. Kwa mwezi yuniti 45 za kubembeleza maji yasipoe.

Hapo nilikaa chini.

Kuchemsha maji hakuna ujanja, lita moja kupanda nyuzi moja inahitaji kama wati 1.16 za saa moja, tangi la lita 50 kutoka nyuzi 20 mpaka 60 ni yuniti 2.3 hata uwe na hita ya malaika. Unachoweza kupunguza ni maji unayoyatumia, na joto linalovuja kwenye tangi likikaa limewashwa mchana kutwa. Thamostati yetu ilikua 75, nimeshusha 60, na usishuke chini ya hapo kwenye tangi maana kuna bakteria wa legionela wanapenda maji ya vuguvugu. Bomba la moto linalotoka kwenye tangi tumelivalisha ile mirija ya povu. Na taima inawasha hita masaa mawili kabla ya watu kuamka, basi, mchana imezimwa. Hita peke yake imetuokolea zaidi ya king'amuzi, na kimita hakikuigusa, kilisaidia tu kuitoa friji kwenye hesabu.

Na kuna ambavyo hakivioni kabisa hata kwa kuzunguka. Upepo unaopita chini ya mlango wa nyuma nimeupata kwa kijiti cha udi, unakiwasha unakipitisha taratibu pembeni ya mlango na madirisha, moshi ukiyumba hapo ndo pa kuziba. Kama unapoza au kupasha joto chumba, hilo lina maana kuliko saa ya maikrowevu, na dari isiyo na kizuia joto lina maana kuliko vyote, ila hiyo ni kazi nyingine na mfuko mwingine.

Makosa madogo madogo ya kidude. Betri zake za kifungo za kutunza kumbukumbu zilikuja zimekufa, umeme ulikatika siku ya pili nikapoteza masaa 20 ya friji, nilisema maneno. Skrini haina taa, na soketi ya friji iko nyuma ya friji chini, kwahiyo nasoma kwa kuingiza mkono na simu nipige picha kama daktari. Kinene, kinaziba soketi ya pili. Chini ya wati 2 usikiamini sana, nilikilinganisha na cha jirani, kwenye friji wametofautiana wati 2 kati ya 118, sawa kabisa, lakini kwenye TV iliyozimwa mmoja anasema 0.4 mwingine 0.9. Kitabu cha maelekezo kimeandikwa na mtu aliyekasirika. Na ukipima kitu kikubwa kwa muda mrefu kishike, cha kwetu kwenye mashine ya kufulia kilipata uvuguvugu wa kawaida, kikiwa moto wa kukufanya utoe mkono chomoa.

Nyota nne. Ya tano wameipotezea kwenye betri na skrini. Anayepanga chumba kimoja na vitu vyake ni simu, taa na feni asijisumbue kununua, aazime kwa mtu wiki mbili, kitamaliza kazi yake. Mwenye friji ya zamani anunue, au aazime, lakini apime.

Changu saivi hakipo hapa. Jirani yuleyule alikuja kukiazima wiki mbili zilizopita baada ya chake kudondoka, "kwa siku moja tu dada". Jana usiku kanitumia picha ya skrini: lile friza lao la stoo, yuniti 3.4 kwa siku. Nikamuuliza mna nini humo ndani. Akaenda kuangalia. Barafu tu.